Tangi la Shangazi

Siku Baba Mdogo alipokuja gereji kwangu nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu ya mteja, na nilichoona kwanza ni viatu. Vyeusi, vimechongoka mbele, vinang'aa, vinatafuta pa kukanyaga kati ya madoa ya oili. Nikavijua kabla sijaona uso. Ukimchukia mtu kwa muda mrefu unamtambua hata kwa soli.

"Mwanangu," akasema akiinama. "Uko huko chini?"

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Sikutoka. Heshima ni heshima, lakini hakuna aliyesema lazima uitoe ukiwa umesimama.

"Marahaba, marahaba. Toka basi tuongee. Nimekuletea mgonjwa."

Nikatoka nikijifuta mikono kwa gunia. Nje, juu ya lori la kubebea magari yaliyoharibika, alikuwa Shangazi. Magurudumu yamelala, vioo vimepata ukungu, rangi yake ya maziwa imekuwa rangi ya chai. Lakini zile taa mbili za duara zilinitazama vilevile kama zilivyonitazama nilipokuwa mtoto, na nusura nipige magoti pale pale penye oili.

Shangazi ni gari. Lilikuwa la marehemu baba yangu, na jina alilipa yeye, kwa sababu, alisema, kila asubuhi lazima lilalamike kwanza ndipo lifanye kazi, na likishaanza halimwachi ndugu njiani. Alilinunua likiwa jipya kabla sijazaliwa. Alilitengeneza mwenyewe kila Jumapili, mama akimshikia taa, mimi nikikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiuliza maswali mpaka nifukuzwe.

Baba alipofariki, viti vya msiba vilikuwa bado uani wakati mdogo wake alipoutoa ufunguo kwenye msumari wake ukutani. "Mwanamke na gari wapi na wapi," akasema mbele ya watu, akiutia mfukoni. "Nitamtunzia marehemu." Wazee wakatazama chini. Mimi nilikuwa msichana wa shule, nilisimama mlangoni nikingoja mama apige kelele, alie, amrukie, afanye lolote. Mama akasema, "Ngoja kidogo, shemeji, nilifute vumbi."

Akaingia ndani, akakawia, akatoka na kitambaa. Akalifuta gari lote, kuanzia pua mpaka mkiani, taratibu, huku Baba Mdogo amesimama pembeni kama bwana anayesubiri kung'arishiwa viatu. Kisha Baba Mdogo akaondoka nalo. Kitambaa kile nilikichukia kuliko nilivyomchukia yeye. Kadi ya gari mpaka leo ina jina la baba na iko kabatini kwa mama, lakini kadi haina magurudumu, na mama alisema hataki kesi za ukoo. Nikaamua kwamba nina mama mpole. Nikaamua pia kwamba mimi sitakuwa mpole hata kidogo, na nadhani hiyo ndiyo sababu nikawa fundi.

"Limesimama sana," Baba Mdogo akasema sasa, akiligonga boneti kwa pete. "Nililifungia gereji, nikalifunika turubai. Lilinisumbua, unajua. Kila nikienda nalo mahali linazimika njiani, mpaka wakwe zangu wamewahi kulisukuma. Mafundi wote waliligusa. Leo linatengemaa, kesho linanitia aibu. Juzi nimeleta kijana aliwashe, linakohoa, linatetemeka, linatoa moshi. Akaniambia magari ya kabureta mjini humu anayajua mtu mmoja tu." Akatabasamu. "Nikasema, kumbe ni binti yetu!"

Binti yetu. Tangu msiba ule hajawahi kuuliza tunakula nini.

"Unalitakia nini sasa?" nikauliza.

"Jumamosi ya wiki ijayo kuna msafara wa magari ya zamani. Utatoka uwanjani, utapita barabara kuu mbele ya jukwaa, watu wote, kipaza sauti. Wamenichagua niongoze, maana hakuna gari kongwe kuliko hili." Akashusha sauti, akanisogelea na harufu yake ya marashi. "Sasa, ukiulizwa na watu wa maandalizi, sema nililinunua mimi ujanani. Nimewaandikia hivyo. Si uongo mkubwa, mwanangu. Mimi na marehemu tulikuwa kitu kimoja."

Masikio yangu yalipata moto. Gari alilichukua, sawa, tulilizoea hilo kama mtu anavyozoea kutembea na kidole kimoja pungufu. Lakini sasa alikuwa anakuja kuchukua na jasho la baba. Mji mzima usikie kwa kipaza sauti kwamba baba hakuwahi kuwa na gari.

"Niachie," nikasema. "Sitaki malipo. Damu ni damu."

Akanibariki. Fundi wa matairi, jirani yangu, mtu ambaye hajawahi kufunga mdomo ila akipuliza tyubu, alingoja mpaka viatu vile vikaondoka, akaja akiwa na spana begani.

"Wewe," akasema. "Huyu si ndiye yule yule?"

"Ndiye."

"Na unamtengenezea bure?"

"Nitalitengeneza linyamaze kama mtoto aliyeshiba. Halafu nitaliwekea kitu."

"Kitu gani?"

"Sijachagua bado."

Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Mwenye kovu usidhani kapoa," akasema. "Mimi ukinikasirikia niambie mapema nihame."

Nilikuwa nasema kweli. Kuna njia nyingi za kulidhalilisha gari lenye kabureta ikiwa unalijua. Skrubu ndogo ikilegea, nyaya mbili zikibadilishana nafasi, na mheshimiwa wako amekwama mbele ya jukwaa. Lakini kwanza nilitaka lipone. Huwezi kumwangusha mtu ambaye hajapanda.

Nilianza na tangi, maana gari lililolala muda mrefu ugonjwa wake huanzia kwenye mafuta. Nilipofungua kifuniko harufu ilinipiga puani. Petroli mbichi hunukia vikali na vizuri. Hii ilinuka kama rangi ya ukutani iliyosahauliwa kopo wazi. Nikaimwaga yote, nyekundu kama chai ya rangi, nikalishusha tangi, nikalisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Kifuniko nacho nikakifuta. Ndani yake kulikuwa na kipande cha ngozi nyekundu kimebanwa chini ya mpira, nikadhani ni kizuizi cha mafuta cha enzi zile, nikafurahi kwamba bado kizima. Nikakiweka kifuniko rafuni kwa heshima, ngozi yake ndani.

Kwenye chujio la hewa panya walikuwa wamezaa, wakalea, wakahama. Nikatoa nyumba yao mkono kwa mkono, pamba za kiti, nyasi, kipande cha gazeti. Kabureta nilipoifungua ilikuwa imejaa utando wa kahawia unaonata, yale mafuta ya zamani yaliyokauka humo ndani. Boya, lile kopo dogo linaloelea na kupima mafuta, lilikuwa limegandishwa mahali pamoja. Vitundu vya jeti vilikuwa vimezibwa kabisa, ukivielekeza juani huoni nuru. Nikaviloweka, nikavipuliza, sikuvichokonoa kwa waya, maana baba aliniambia ukichokonoa jeti kwa waya umeiharibu, na nilimsikia akisema hivyo tena pale mezani kama yuko nyuma yangu. Ngozi ya pampu ya mafuta ilikuwa imekakamaa, nikaweka nyingine. Mipira yote ilikuwa na nyufa, nikaibadilisha. Pointi, zile za kukata umeme wa cheche, zilikuwa na kutu, nikazisugua. Plagi nikaweka mpya.

Likawaka. Lakini lilimisi. Lilitetemeka mpaka kioo cha pembeni kikawa kinacheza peke yake, na ukiachia mafuta linazimika. Ukilivutia choki, ile ya kupunguza hewa, linatulia, ukiirudisha linaanza tena kutapatapa. Hapo fundi wa haraka angeanza kuzungusha skrubu. Mimi nilichukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, ncha nyingine nikaipitisha polepole kuzunguka kabureta, kama daktari na kifua cha mtu. Na pale chini, inapokaa juu ya injini, nikasikia: sss. Hewa ilikuwa inaingia kwa mlango wa uani. Gasketi, ile karatasi nene inayoziba hapo katikati, ilikuwa imekauka na kupasuka. Nikakata mpya kwa mkono, nikaibana sawasawa, nikawasha.

Shangazi alilalamika kidogo, kama kawaida yake. Kisha akatulia. Sauti ile ya chini, ya kujiamini, niliyokuwa naisikia kutoka kitandani asubuhi baba akiliacha lipate joto kabla hajanipeleka shule. Nililia. Fundi wa matairi aliniona, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema kitu.

Nikalichukua kulijaribu. Nilipita kituo cha mafuta, nikajaza tangi mpaka shingoni, nikaingia barabara ya mtoni nikiwa nimefungua vioo vyote. Nilikuwa nimeanza kuimba. Kabla sijafika darajani likasita, likashtuka, likasita tena, likakohoa mara mbili na kuzimika.

Nikakaa pale nikiutazama usukani. Kumbe hakusema uongo, Baba Mdogo. Linazimika njiani.

Nikafungua boneti. Cheche zipo. Nikafungua kabureta: kavu. Mafuta hayafiki. Nikachomoa mpira wa pampu, nikapiga starta: pampu inavuta, lakini hakuna kinachokuja, kama mtoto anayenyonya mrija uliobanwa na kidole. Na tangi limejaa! Nilikuwa nimelijaza mwenyewe. Ili nihakikishe sijarogwa, nikaenda nyuma kufungua kifuniko.

Kikagoma. Nikakishika kwa mikono miwili, nikakizungusha, na kilipoachia nikasikia hewa ikifyonzwa ndani kwa nguvu, muda mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Nikarudi mbele nikawasha. Likawaka papo hapo, limetulia, halina hata mafua.

Ndipo nikaelewa. Tangi la gari kama hili lazima livute hewa. Mafuta yakitoka, hewa iingie nafasi yake. Kuna kitundu kidogo kwenye kifuniko kwa kazi hiyo tu. Kitundu kikizibwa, pampu inavuta mpaka inashindwa, na tangi likiwa limejaa inashindwa mapema zaidi, maana hewa ya akiba ni kidogo. Na mafundi wote wale! Gari likizimika, fundi akija jambo la kwanza anafungua kifuniko achungulie kama mafuta yapo. Hewa inaingia. Anafunga, anahangaika na plagi, anawasha, linawaka, anapewa shukrani. Kesho yake linazimika tena. Kila mmoja wao alikuwa analiponya kwa bahati na hakujua, na mimi nilikuwa nimekifuta kifuniko kile kwa mikono yangu.

Nikakigeuza juani. Kile kipande cha ngozi nyekundu hakikuwa kizuizi cha kiwandani. Kilikuwa duara kamili, kimebanwa juu ya kitundu, na ukingo wake ulikuwa na meno meno madogo yaliyolingana. Hakuna fundi wa magari mwenye mkasi wa kukata meno. Mkasi huo wanao washonaji.

Mama yangu ni mshonaji.

Nilimkuta chumba cha mbele, kwenye cherehani, mapazia ya mteja yamemfunika magoti. Nikamwamkia, nikakiweka kile kipande mezani mbele yake. Mguu wake haukuacha kukanyaga. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akavua miwani.

"Kumbe bado kizima," akasema. "Ilikuwa ngozi nzuri ile."

"Mama!"

"Nini?"

"Ule mkoba wako mwekundu. Ulishona kiraka chini, ukasema uliungua na pasi."

"Si ungeungua siku moja."

Nikakaa kitini bila kukaribishwa. Siku ile ya msiba aliingia ndani kutafuta kitambaa, akakawia. Alilifuta gari lote mpaka mkiani, na kule mkiani ndiko kulikuwa na kifuniko, na sote tulimtazama akifanya hivyo, wazee, Baba Mdogo, mimi, na tukamwonea huruma. Mimi zaidi ya huruma, nilimwonea aibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, tulifundishwa shuleni, lakini sikudhani kimya chenyewe kinakaa nyumbani kwetu kinashona mapazia.

"Ulijuaje?"

"Taa ulidhani inajishika?" akasema. "Baba yako alikuwa akitengeneza huku anaongea. Akaniambia, mke wangu, tangi lisipovuta hewa gari halifiki popote. Nikaliweka akilini. Duara nimekata kwa jicho, vifungo nimeshona maisha yangu yote." Akakigusa kile kipande kwa kidole. "Nilisema, kama anataka gari alichukue. Raha yake ataniachia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa mtoto mwenye mdomo. Ungesema."

"Na nilipokua?"

"Ukawa mkubwa mwenye mdomo."

Nikamweleza basi kilichobaki: msafara, jukwaa, kipaza sauti, na kwamba shemeji yake amewaandikia watu kuwa gari alilinunua yeye. Mama alikuwa ameanza kupitisha uzi kwenye sindano. Mkono ukasimama hewani.

"Amesema kanunua yeye?"

"Amesema yeye na baba walikuwa kitu kimoja."

Mama akauachia uzi. Sijawahi kumwona mama yangu na hasira, au labda nimeiona kila siku nikaiita upole.

"Mume wangu alivaa shati moja miaka ile yote ili anunue gari lile," akasema taratibu. "Nililitia viraka mpaka likawa viraka vinavyoshikana vyenyewe." Akakisukuma kile kipande cha ngozi upande wangu wa meza. "Kirudishe pale pale. Ukikibana, kifunike kitundu kizima."

"Mimi nilikuwa na mpango wangu."

"Wako wa siku moja. Wangu umeshaota mizizi."

Nikamwambia kuhusu tangi likijaa. Akavaa miwani, akarudi kwenye pazia lake. "Basi mwambie ajaze," akasema, na cherehani ikaanza kuimba.

Baba Mdogo alipokuja kulichukua nilikuwa nimelipiga rangi mahali palipochubuka na kuling'arisha mpaka likarudi rangi ya maziwa. Nikamwashia. Uso wake ulifunguka kama wa mtoto. Kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe, nikamwonea huruma. Kisha akaligonga boneti kwa ile pete yake na kusema, "Unaona? Nilijua tu nilinunua gari zuri," na huruma ikaisha.

"Kila kilichoharibiwa na kulala nimekitengeneza," nikamwambia. Na hilo lilikuwa kweli tupu. "Ila siku yenyewe ujaze tangi. Lijae kabisa. Gari la msafara halitakiwi kuishiwa."

"Mpaka shingoni!" akasema.

Jumamosi ile barabara kuu ilijaa watu pande zote mbili. Mimi na mama tulipata nafasi mkabala na jukwaa. Mama alivaa gauni lake la kijani na kubeba ule mkoba mwekundu wenye kiraka chini. Fundi wa matairi alikuwa nyuma yetu na karanga mfukoni, maana alisema onyesho haliangaliwi na mdomo mtupu.

Shangazi alitokea wa kwanza, mwendo wa maharusi, na nyuma yake magari mengine ya zamani kwa mstari mrefu. Baba Mdogo alikuwa peke yake ndani, kavaa suti, mkono mmoja dirishani unapunga. Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, gari kongwe kuliko yote mjini kwetu! Mmiliki wake alilinunua akiwa kijana, kwa jasho lake mwenyewe, na amelitunza kwa mikono yake mpaka leo!"

Watu wakapiga makofi. Mama hakupepesa macho. Mimi nilikuwa nimeng'ata ulimi, kwa sababu gari lilikuwa linapita. Lilinguruma vizuri, sauti yangu mwenyewe, kazi yangu mwenyewe, limefika usawa wa jukwaa, na halikusita. Nikawaza, nimekibana vibaya. Nikawaza, nimemtengenezea ushindi wake bure. Pua ya gari ikavuka jukwaa, na Baba Mdogo akainua mikono yote miwili kuwapungia watu.

Likasita. Likashtuka. Likakohoa mara mbili.

Likanyamaza.

Alipiga starta. Akapiga tena. Magari ya nyuma yakasimama moja baada ya jingine, honi zikaanza, ya kwanza kwa adabu, zilizofuata bila adabu. Wanaume watatu wakaruka kutoka kwenye umati, kama kawaida ya wanaume wakiona boneti, wakaifungua na kuanza kubishana. Mmoja akauliza, "Mzee, mafuta yapo?"

"Tangi limejaa!" Baba Mdogo akapiga kelele, jasho likimtiririka. "Nimelijaza sasa hivi mpaka shingoni!"

Basi hakuna aliyekwenda kufungua kifuniko. Wakagusa plagi, wakagusa koili, wakatikisa nyaya. Starta ikaanza kuchoka. Fundi wa matairi akapaaza sauti na karanga mdomoni, "Mwambieni aliamkie! Gari limemzidi umri!" na kicheko kikatembea barabara nzima mpaka kwa mshereheshaji, ambaye alisahau kuzima kipaza sauti akacheka humo.

Mama akanipa mkono. "Twende," akasema.

Tukavuka barabara. Kelele zilipungua, watu wakitaka kujua mama huyu wa gauni la kijani anakwenda wapi. Baba Mdogo alituona akafungua mlango upesi, akanikimbilia mimi. "Mwanangu, asante Mungu umekuja, hebu liangalie..."

"Shemeji," mama akasema. "Pisha."

Mshereheshaji, mtu wa kazi yake, alikuwa ameshateremka jukwaani na kipaza sauti. Akamsogezea mama. "Mama, na wewe ni fundi?"

"Hapana, mwanangu," mama akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote za barabara. "Mimi ni mke wa mwenye gari."

Hakupiga kelele. Hakuongeza neno. Kila mtu akamgeukia Baba Mdogo ili aseme si kweli, na Baba Mdogo akafungua mdomo, akamtazama mama, akatazama wale wazee wawili watatu waliokuwa msibani siku ile na sasa walikuwa wamekaa mstari wa mbele jukwaani. Safari hii hawakutazama chini. Akaufunga mdomo.

Mama akaenda mkiani mwa gari. Akakishika kifuniko kwa mikono miwili, akakizungusha, na tangi likavuta pumzi kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Akakitoa kile kipande kwa kucha, akakitazama, akakitia kwenye mkoba, akafunga kifuniko. Wale wanaume watatu walitazamana. Baba Mdogo alikuwa ameuona ule wekundu, na akauona mkoba. Nilimwona akihesabu kichwani safari zote zile, wakwe zake wakisukuma, mafundi, turubai. Uso wake ulizeeka mbele yangu. Nilikuwa nimengoja kuuona tangu nikiwa msichana wa shule na sitadanganya, ulikuwa mtamu.

"Wewe..." akasema. "Siku ile ulikuwa unalifuta."

"Nililifuta vizuri," mama akasema.

Nikaingia kwenye usukani. Ufunguo ulikuwa bado umening'inia pale pale. Nikapiga starta mara moja, Shangazi akalalamika kidogo, akawaka, na watu wakashangilia kama vile tumewafungia goli. Mama akakaa upande wa pili na kuvuta mlango. Baba Mdogo, ambaye hata sasa hakutaka msafara uondoke bila yeye, akashika kitasa cha nyuma. Mama akageuka, akauweka ule mkoba mwekundu katikati ya kiti cha nyuma.

"Nyuma kuna mzigo, shemeji," akasema.

Nikaondoka. Kwenye kioo nilimwona amesimama katikati ya barabara na viatu vyake vinavyong'aa, magari ya zamani yakimkwepa kulia na kushoto, yakitufuata. Mama alikuwa amefungua dirisha, ametoa kiwiko nje kama alivyokuwa akifanya baba.

Mwisho wa barabara kuu kuna njia panda. Msafara ulitakiwa ukate kulia, urudi uwanjani. Nikawasha taa ya kulia.

"Kushoto," mama akasema.

"Mama, msafara..."

"Kushoto, mwanangu. Nyumbani."

Nikakata kushoto. Tulipoingia mtaani kwetu nikatazama kioo tena, na nyuma yetu yalikuwa yanakuja yote, mstari mzima, honi na mashada na bendera, hakuna dereva hata mmoja aliyejua anaelekea wapi.

"Mama, wanatufuata," nikasema. "Wote. Niwasimamishe?"

Mama hakugeuka. Alikuwa anatazama geti letu linavyosogea.

"Waache waje," akasema. "Wajue linapokaa."